Mrejesho: Nilienda na bango langu kwenye mkutano wa baiolojia ya ukuaji

Wakuu, niliwahi kuuliza kama mwanafunzi wa uzamili apeleke matokeo nusunusu kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha baiolojia ya ukuaji. Mkasema nenda. Nimeenda, nimerudi.

Hotuba kubwa zilinipita kichwani, nisidanganye. Kazi ilikuwa kwenye mabango, yale makaratasi makubwa ya matokeo ambayo unasimama kando yake watu wakuulize maswali. Langu lilidai kwamba dawa ninayoijaribu inachelewesha moyo wa viinitete (samaki wanaoanza tu kuumbika) vya samaki pundamilia, samaki wadogo wa maabara, ambao kwa kawaida huanza kudunda saa 24 hivi baada ya yai kurutubishwa. Mama mmoja mtu mzima akainama, akaitazama picha kimya, kisha akauliza: "Uliwalea kwenye joto gani?" Nikajibu nyuzi 28.5 za Selsiasi. "Makundi yote mawili, la dawa na lisilo na dawa?"

Hapo jasho likanitoka. Kundi la dawa lilikaa rafu ya chini, karibu na mlango wa kabati la joto, na joto likishuka kiinitete hukua polepole; huenda ni baridi, si dawa, iliyouchelewesha moyo. Akanishauri nisihesabu saa tu, nihesabu na vipingili vinavyojipanga mgongoni mwa kiinitete, ndivyo vinavyoonyesha kimefikia hatua gani ya ukuaji.

Narudia jaribio zima. Kipimajoto nimeshakiweka kila rafu.