Mwizi wa tumbaku anakimbia, ukimkata panga akafa una kesi?

Bani_la_Babu: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Niko Sikonge, Tabora, tumbaku iko bani (banda la kukaushia majani) na wezi wanatusumbua balaa, wanakuja saa nane usiku wanashusha majani wanasepa na bodaboda. Sasa nalala na panga. Jirani ananiambia we kata tu, mwizi akiwa kwenye eneo lako hakuna kesi. Moyo unakataa, nina watoto watatu na mama yao mjamzito. Ni kweli?

Embe_Bolibo: Kata mkuu. Polisi mpaka wafike kumekucha. Enzi za sungusungu nani aliiba ng'ombe akalala? Mbona hata Marekani mtu akiingia kwako unamlipua freshi tu

Kisheria_Isevya: Bolibo unampeleka mwenzio jela. Kule kila jimbo na sheria yake, Texas kweli wana kifungu cha mwizi wa usiku anayetoroka na mali na chenyewe kina masharti, ila Sikonge siyo Texas.
Kwetu Tanzania soma Kanuni ya Adhabu Sura ya 16, kifungu 18A mpaka 18C. 18A inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzio na kutetea mali. 18B inasema nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika tu, ukizidisha mtu akafa ni kuua bila kukusudia, na hiyo inaweza kufika kifungo cha maisha. Kuua kunavumilika kwenye 18C, pale unapoamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi kwamba bila hivyo unakufa au unaumizwa vibaya, au anataka kubaka, kuteka, kuchoma moto, kupora, kuvunja nyumba usiku, mambo ya namna hiyo.

Bani_la_Babu: Lakini mkuu mimi si nalala humo humo bani?

Kisheria_Isevya: Hiyo itakusaidia akikuvamia na silaha uko ndani. Akishatoka anakimbia na mzigo kichwani hatari imeondoka, wewe ndo unamfukuza yeye. Na daktari akipasua maiti akakuta jeraha liko kisogoni utaeleza nini? Halafu wakikuandikia mauaji kabisa, dhamana hakuna.

Mama_Abuu_Tbr: Hapo kwenye dhamana msikieni. Mdogo wangu alimpiga mwizi wa solapaneli na mti, akafa. Kakaa mahabusu zaidi ya miaka miwili anasubiri kikao cha Mahakama Kuu, mwisho kesi ikashushwa ikawa kuua bila kukusudia. Shamba liliuzwa, mke akarudi kwao, na solapaneli yenyewe polisi waliichukua kama kielelezo.

Bani_la_Babu: Duh pole sana mama. Panga naliacha kitandani kwa dharura, nje natoka na tochi na filimbi tukeshe kwa zamu na majirani

Embe_Bolibo: Sawa nimenyoosha mikono. Mbwa je unao? Wangu kazaa, njoo Ipole uchukue wawili