Tupeane uzoefu: riwaya ya kwanza uliyoinunua kwa mwandishi mwenyewe

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka huu nimesoma riwaya 11 za Kiswahili, na 9 kati ya hizo sikuzinunua dukani. Nilimtumia mwandishi hela kwa simu, akanipakilia kitabu kwenye basi, nikakifuata stendi.

Nilianza 2019 nikiwa Dodoma. Kulikuwa na dada aliyetoa hadithi kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja kila usiku saa tatu. Mimi niliingia imefika sehemu ya 4, nikarudi nyuma kuitafuta ya 1, na kufikia ya 15 nilikuwa na arosto hata chakula cha usiku nakula simu ikiwa mkononi. Sehemu ya 20 ilipoisha akatangaza: kitabu kimetoka, nakala sh. 12,000 pamoja na usafiri. Nikatuma usiku uleule. Keshokutwa yake ofisi ya vifurushi wakanipigia. Bahasha ya kaki, kitabu ndani, na ukurasa wa kwanza ameandika jina langu kwa peni ya bluu, chini yake: "Wewe ni wa 37." Alikuwa anatuhesabu mmoja mmoja.

Waandishi niliosoma shuleni nawaheshimu sana, ila wengi walishatangulia mbele za haki kabla sijazaliwa. Huyu yupo hai. Nilipomuuliza kwa nini yule mama wa Manzese alimsamehe mumewe, alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, na katikati nikasikia mtoto wake analia, akasema subiri kidogo, akarudi akaendelea pale alipoishia. Tangu siku ile nimekuwa msomaji wa aina nyingine.

Naomba za kwenu. Tusiweke namba za watu hapa, na tafadhali tusirushe PDF za jasho la watu. Nawasilisha.

Majibu:

Mzee wa Reli

Mleta uzi, jambo hili lina babu yake. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi, hakukaa kuwasubiri wachapishaji. Alianzisha Heko Publishers, na riwaya yake Dar es Salaam Usiku ikatoka hapo mwaka 1990. Sisi tulivijua vitabu hivi vikiwa vidogo, vya kuingia mfukoni, karatasi ya rangi ya chai ya maziwa, jalada lenye bastola na mwanamke.

Nakumbuka safari moja ya treni ya Kigoma, daraja la pili, behewa limejaa. Nilikuwa na riwaya ya upelelezi. Jirani yangu akawa anasomea begani kwangu, na kila nikifungua ukurasa ananiambia ngoja. Tulipofika Tabora akaniomba nikichane kitabu katikati ili asome nusu niliyoimaliza. Nikakichana. Mpaka Morogoro zile nusu mbili zilikuwa zimepita mikononi mwa watu sita, na aliyekuwa na nusu ya pili alikatazwa kusimulia chochote. Baadaye nilizishona kwa uzi wa gunia. Ninacho hadi leo.

Halafu zikaja hadithi za mfululizo kwenye magazeti. Watu walinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja tu. Kwa hiyo vijana wa WhatsApp msijione wageni, hapa ni kwenu.

Kijukuu cha Pangani

Naweka kambi hapa. Mzee wa Reli, picha ya hicho kitabu tafadhali.

Mama Mwandishi

Mimi niko upande wa pili wa meza, ngoja niwape za huko.

Riwaya yangu ya kwanza niliiandika kwenye simu, kwenye daladala, kuanzia Mbagala hadi kazini na kurudi. Miezi 14. Nilipoipeleka kwa mchapaji akanipigia hesabu: kurasa 180, nikichapa nakala 300 kila moja itanigharimu sh. 5,500, nikichapa 1,000 inashuka mpaka 3,200. Sababu ni kwamba mashine kubwa inahitaji sahani za kuchapia, na gharama ya sahani ni ileile uchape 100 au 1,000. Sasa mimi milioni tatu na laki mbili ningeitoa wapi? Nikachapa 300, kwa hela ya mchezo wa wamama wa mtaani. Walinipa zamu ya mbele wakijua kabisa ninakwenda kufanyia nini.

Duka moja lilikubali kuniuzia, lakini likataka asilimia 35 na malipo baada ya miezi mitatu. Siwalaumu, nao wana kodi ya pango. Ila kwa nakala ya 12,000 iliyonigharimu 5,500, nikitoa 4,200 ya duka nabaki na 2,300, na ya kuchapia tena inabidi niisubiri robo mwaka. Ndiyo maana mnatuona tunauza wenyewe, tunabeba maboksi wenyewe.

Kilichoniumiza zaidi ni PDF. Nilimuuzia mtu nakala laini kwa 3,000 asubuhi, jioni rafiki yangu ananitumia kitabu changu mwenyewe akisema, "Umesoma hii? Ni nzuri!" Kilishaingia kwenye kundi la watu zaidi ya 200. Nililia, nawaambia ukweli. Siku hizi kila nakala laini naandika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa, na imesaidia.

Ila nisiwaache na hilo. Wiki mbili baadaye nikapata ujumbe mrefu kutoka Songea. Muuguzi. Alikisoma kwenye lile kundi, akaona aibu, akanitumia 12,000 ya nakala ngumu ambayo hakuagiza. Kisha akaniambia, "Dada, kuna jambo. Ile sura ya hospitali, mgonjwa mwenye hali ile hawezi kukaa akaongea namna ile, na hiyo dripu uliyoisema asingewekewa." Akanieleza zamu ya usiku inavyokwenda, nani anaitwa kwanza, taa ipi inaachwa ikiwaka, ndugu wanaambiwa nini na kwa sauti gani. Nikaifumua sura nzima. Kwenye chapa ya pili, watu wananiambia wanalia kwenye sura hiyo. Ni yeye aliyenifundisha kuiandika.

Chaki Nyeupe

Mama Mwandishi, hongera sana. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ninanunua vitabu hivi kila mwezi, kwa hiyo nasema kwa upendo: lugha ikisimamiwa, tutafika mbali. Naona "alie kuja" badala ya "aliyekuja", naona "kua" kwa "kuwa", r na l zinabadilishana nafasi. Katika riwaya moja nzuri mno mhusika aliitwa jina moja sura ya 2 na jina jingine sura ya 9. Hadithi imenishika koo, halafu napigwa kikumbo na herufi.

Mhariri ni gharama, najua. Ila kwenye kila mji kuna walimu kama mimi ambao wangesoma mswada kwa nakala moja iliyosainiwa. Nimeshasoma minne. Mmoja nilimng'ang'ania mwandishi wake aupeleke kwenye mashindano. Tangu 2023 Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inatolewa, na ile ya Cornell, chuo kikuu cha Marekani, ipo tangu 2014. Haukushinda, lakini aliusafisha mswada kuliko alivyowahi kusafisha chochote, na mwaka uliofuata akauchapa.

Ngozi Nyeusi Arusha

Mimi sina hadithi tamu. Nililipia mwendelezo, sh. 2,000, hadithi ikakatika sehemu ya 31 na mwandishi akaondoka kwenye kundi. Hela niliisahau mapema. Ila yule binti aliachwa kisimani usiku na mpaka leo sijui kama alitoka. Waandishi, mkizidiwa tuambieni tu, tutasubiri.

Msomaji wa Ngara

Salamu kutoka Nairobi. Huku wachapishaji wakubwa wanategemea vitabu vya shule kwa sababu soko lake ni la uhakika, kwa hiyo riwaya ya mtu mzima, tena ya Kiswahili, inabanwa. Wanaojichapishia ni wengi sana siku hizi na duka la Nuria limewapa rafu zake, lakini wengi wao wanaandika kwa Kiingereza. Mimi huingia na kuuliza vya Kiswahili kila mara, mpaka wahudumu wananijua. Mwezi jana nilipata viwili. Mama Mwandishi, niambie unatuma Kenya kwa basi gani, nachukua vitano, vingine ni vya chama chetu cha kusoma.

Binti wa Malindi, Maskati

Asalaam alaykum. Naandika kutoka Oman. Bibi yangu amezaliwa Unguja, Malindi, sasa ana miaka 81 na macho hayasomi tena. Jamaa yetu alipotoka Dar alinichukulia riwaya moja begini, nikaanza kumsomea baada ya isha. Mimi Kiswahili changu ni cha nyumbani, nasoma polepole, na maneno mengine bibi ananieleza yeye.

Nikamwandikia mwandishi kumwambia. Hakujibu siku mbili, kisha akaleta rekodi: amejifungia chumbani akasoma sura nzima ya mwisho kwa sauti yake, na mwanzo akasema, "Shikamoo bibi, hii ni yako."

Nilipomwekea, bibi akaitika, "Marahaba mwanangu," akasikiliza kama dakika tano, akanigusa mkono. "Izime. Ibakishe ya Ijumaa."