Naomba ushauri: pedi (sauti ndefu za usuli) za kinanda cha sinthesaiza Juno-106 zinanywea kwenye mono (pande mbili zikiunganishwa kuwa moja)

Wakuu, kazi ni albamu ya elektroniki kuhusu miaka ya utineja, na msanii anataka rangi ya bendi ya M83 kwenye albamu yao Saturdays = Youth (2008), iliyoegemea ujana na sauti za miaka ya 1980.

Snea (ngoma kali ya mdundo) imekaa sawa. Rivabu (mwangwi wa chumba) ina mkia wa sekunde 2, geti (kifaa kinachokata sauti) inaufunga baada ya milisekunde 250, yaani nusu ya pigo kwa tempo ya mapigo 120 kwa dakika. Geti inafunguliwa na snea kavu (isiyo na rivabu) kupitia saidicheni, yaani njia ya kuifanya geti isikilize sauti nyingine. Geti ikisikiliza rivabu yenyewe, mkia hukatika ovyo.

Shida ni pedi. Zimerekodiwa zikiwa na korasi ya kinanda chenyewe, athari ya kunenepesha sauti ambayo huyumbisha kushoto na kulia kwa mwelekeo kinyume. Kwenye stirio ni pana, tamu kabisa. Ukiunganisha pande mbili, baadhi ya masafa hufutana na pedi hunywea, na wasikilizaji wengi wanatumia spika moja ya simu. Kupunguza upana kwa desibeli 3 kunapunguza kidogo tofauti kati ya stirio na mono, ila kunaondoa utamu wenyewe. Kukata sauti za pembeni (tofauti ya kushoto na kulia) chini ya hetsi 200 kumetuliza besi tu.

Je, nicheze tena kwa MIDI (nota zilizohifadhiwa zinazoendesha kinanda) bila korasi, niweke pedi kavu katikati, desibeli 6 chini ya ile yenye korasi? Au nirekodi mara mbili kavu, kushoto na kulia? Hii ya pili ina mtego: tuni ya Juno haiyumbi, hivyo upande mmoja lazima usogezwe kama senti 5 (sehemu ndogo ya nusu toni), la sivyo upana hautatosha. Aliyewahi kufanya mojawapo, matokeo kwenye mono yalikuwaje?