Nimeongozwa sala ya toba mara tatu, moyo bado mkavu. Nifanyeje?

Mleta mada, Uyole
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimebatizwa utotoni Moravian, kipaimara nimepata. Mkutano wa injili ukija Mbeya naenda mbele, naongozwa sala, wiki haiishi hali inarudi ileile. Nitajuaje kama nina uzima wa milele? Naomba hatua za kufuata.

Mzee wa Tukuyu
Asifiwe sana. Usiende mbele mara ya nne. Sala haina kasoro, ila unaipima kwa joto la moyo, na joto lile lina mchango wa kwaya na umati. Ukitoka uwanjani linapoa. Fungua Yohana 5:24: anayelisikia neno na kuamini "amepita kutoka mautini kuingia uzimani". Amepita, siyo atapita. Halafu 17:3: uzima wa milele ndio kumjua Mungu wa kweli na Yesu Kristo aliyemtuma. Kumjua mtu hakuishii kwenye sala ya dakika mbili.

Kwa hiyo soma Yohana yote, sura 21, sura moja kwa siku. Ya 6 ina mistari 71, igawe mara mbili. Usianzie Mwanzo, wengi hukwama Walawi na kuacha kabisa. Soma kwa sauti, uandike daftarini Yesu amesema yeye ni nani, kisha umwombe dakika tano juu ya hilohilo.

Dada wa Iringa
Naongeza toba, maana ndiyo inayorukwa. "Nisamehe dhambi zangu zote" ni rahisi mno, haigusi kitu. Itaje dhambi kwa jina. Kama unanunua viazi kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, huku ukijua mkulima anapunjwa, anzia hapo. Zakayo mtoza ushuru (Luka 19) aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Lakini angalia mpangilio: Yesu alijikaribisha kwake kwanza, ahadi ikafuata. Kurudisha hakununui wokovu, Waefeso 2:8-9 iko wazi.

Mkatekista, Njombe
Tumsifu Yesu Kristo. Usikimbilie kubatizwa tena, ongea kwanza na mchungaji wako. Na usibaki peke yako: tafuta kundi dogo la mtaani la kusali na kusoma Neno, watu wanaojua nyumba yako na watakaouliza usipoonekana. Ukiuziwa maji, mafuta au chumvi ya upako, ondoka. Simoni mchawi alipoleta fedha ili anunue uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimkatalia palepale (Matendo 8:20).

Mleta mada
Asanteni sana. Shida ni muda. Natoka kufuata mzigo saa kumi na moja alfajiri, na baridi hii ya mwezi wa saba, usiku nasinzia.

Mzee wa Tukuyu
Basi soma mchana, ukisubiri gari la mzigo. Ukifika sura ya 4 utamkuta mwanamke Msamaria. Alikutana na Yesu yapata saa sita, amekuja kisimani kuchota maji.