Nyumba za Mji Mkongwe zinaanguka, wa kutufukua yuko wapi?

Assalaam alaykum waungwana. Nauliza kwa hasira, na anayehusika ajibu: tunasubiri msiba gani ndipo Unguja ipate timu maalumu ya kuokoa watu waliofunikwa na kifusi, timu ambayo hiyo ndiyo kazi yake, si kibarua cha ziada kwa mzimamoto aliyefunzwa kushika mpira wa maji?

Tarehe 25 Disemba 2020 Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883 hapa Mji Mkongwe, liliporomoka mafundi wakiwa kazini, na wawili wakapoteza maisha. Hotuba tulizisikia.

Anayezijua nyumba zetu anajua kuwa ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko. Mvua ikipenya, chokaa hulainika; na pale mwenye nyumba alipopiga plasta ya saruji (wangapi wamekatazwa!) ndiyo balaa zaidi, kwani maji hukosa pa kutokea, ukuta ukaoza ndani huku nje unang'ara. Ukianguka nusu, nusu nyengine hubaki inaning'inia. Mwokozi aliyefunzwa huanza kwa kuuegemeza kwa magogo, akazimisha injini zote na kunyamazisha watu ili asikie anayegonga chini, kisha mawe hutolewa moja moja kwa mkono. Katapila ikiwahi kuingia, huufukia ule uwazi mdogo uliomhifadhi mtu.

Mtaani kwetu dari ilipoanguka wakati wa masika, aliyekuja kutoa amri alituambia tusubiri kijiko, ule mtambo wa kuchimbia. Kijiko kipite wapi? Kichochoro chetu, wakikutana wawili wenye vikapu, mmoja hurudi nyuma. Bibi aliyekuwemo alitolewa hai na vijana wa maskani, kwa tochi za simu, wakiongozwa na mwashi mzee aliyekuwa akiwaonesha boriti ipi isiguswe. Nilipopeleka malalamiko katika ofisi moja nikaambiwa niandike barua. Niliandika, jibu sijaliona.

New York ilianzisha kikosi chake cha kwanza cha uokozi ndani ya zimamoto mwaka 1915, na leo inavyo vitano, vyenye wazimamoto wazoefu waliochaguliwa, na magari yaliyosheheni jeki, misumeno na mbao za kuegemezea. Sidai tuwe na fedha za Wamarekani. Nadai watu wachache waliochaguliwa na kufunzwa kazi hii tu, stoo ya magogo na jeki ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, mikokoteni inayopita vichochoroni, na waashi wa chokaa waitwe kufundisha, maana wao ndio wanaojua nyumba hizi zinavyoanguka. Gharama yake haifiki hata ya zile gari za viongozi tunazopishana nazo kila siku.

Mwenye jibu aliandike hapa, lenye tarehe na kiasi cha fedha. Anayetaka kunieleza habari za "mchakato unaendelea" asijisumbue.