Binti yangu ana tundu kwenye moyo, familia inataka tusubiri korosho. Naombeni ushauri

MamaTandahimba:

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tandahimba, mkoani Mtwara. Anayejua naomba anishauri, maana usingizi umenikimbia.

Binti yangu wa pili ana mwaka 1 na miezi 4, uzito kilo 7.2. Tangu ana miezi miwili alikuwa akinyonya kidogo anaachia titi, anahema, jasho linamtoka kichwani mpaka kanga yangu inalowa, halafu anapitiwa na usingizi kabla hajashiba. Zahanati niliyokuwa nampeleka waliniambia nimonia. Tukapewa dawa. Mwezi wa pili yake nimonia tena. Mara 4 ndani ya mwaka mmoja, na hakuna hata siku moja mtu alimsikiliza kifua kwa utulivu.

Nyumbani nako maneno: mtoto kabemendwa, yaani eti nimetoka nje ya ndoa nikiwa nanyonyesha ndiyo maana anadhoofika. Mama mkwe hakunitamkia mimi, alimwambia mwanawe. Usiku mmoja mume wangu akaniuliza kama kuna jambo namficha. Wakuu, liliniuma hilo kuliko yote. Sikumjibu, niliinuka nikaenda kumkanda mtoto maji.

Mwezi uliopita nikafunga safari mwenyewe mpaka hospitali ya rufaa Mtwara mjini. Daktari wa watoto alimwekea kipimo kifuani akakaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua mkono wangu, akauweka kiganja upande wa kushoto wa kifua cha mwanangu. Panatetema, kama simu iliyowekwa vaibreti. Mwaka mzima nimembeba mgongoni na sikujua.

Akapimwa eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwenye skrini. Tundu la milimita 8 kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na presha ya kwenye mapafu imeanza kupanda. Ameandikiwa frusemide na captopril, na barua ya rufaa kwenda JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam kwa ajili ya upasuaji.

Sasa tatizo ni hili. Tangu aanze dawa ana nafuu kubwa. Anacheka, anasimama kwa kushika kiti. Mume wangu yuko shamba anapuliza salfa kwenye mikorosho, anasema tusubiri minada ya korosho mwezi wa 10, tupate pesa na mtoto awe na nguvu. Mama mkwe anasema mtoto mdogo hivi hapasuliwi kifua. Barua ipo sandukuni, kila siku naitoa naisoma nairudisha. Nisubiri hiyo miezi 4 au niende? Pesa niliyonayo inatosha nauli na chakula cha siku chache tu.

FundiMikindani:

Pole sana dada. Wa kwangu alikuwa anahema na kukohoa hivyohivyo, wazee wakamkata kimeo akatulia. Jaribu hilo kwanza kabla ya kisu cha Dar.

MuuguziLindi:

Kaka FundiMikindani, najua umesema kwa nia njema, lakini dada tafadhali usimpeleke mtoto kukatwa kimeo. Kimeo hakina uhusiano na moyo. Nimewapokea watoto waliokatwa wakaletwa wanavuja damu, na mtoto mwenye moyo unaohangaika hana akiba ya kupoteza damu. Chale pia usichanje.

Sasa nikujibu wewe, dada yangu. Kwanza hili: hujambemenda mtoto. Tundu hilo lilikuwepo tangu mimba ikiwa changa sana, wiki za mwanzo moyo unapojengeka, pengine hujajua hata kama una mimba. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, kama mmoja hivi huzaliwa na hitilafu ya moyo, Tanzania na kwingine kote. Mwambie na mume wako, tena umwambie hivyohivyo nilivyoandika.

Pili, hiyo nafuu. Ukutani penye tundu damu inapita kutoka kushoto kwenda kulia, inarudi kwenye mapafu badala ya kwenda mwilini. Mapafu yanajaa, ndiyo maana anahema na nimonia haziishi, na chakula chote kinaishia kwenye kazi ya kupumua, hanenepi. Frusemide inampunguzia maji, captopril inaupunguzia moyo mzigo. Dawa zinampa nafuu, haziwezi kuziba tundu. Matundu madogo mengi hujifunga yenyewe, ni kweli, na huenda kuna watu wamekwambia hivyo. La kwake ni kubwa, na presha ya mapafu imeshaanza kupanda. Mishipa ya mapafu ikipigwa na presha muda mrefu inakuwa migumu, na ikifika mahali haiwezi kurudi nyuma, hapo upasuaji haumsaidii tena. Hiyo nguvu mnayosubiri aipate haitakuja wakati tundu lipo. Wengi huanza kunenepa baada ya kuzibwa. Umri alionao siyo mdogo kwa kazi hiyo, wanafanyiwa hata kabla ya kutimiza mwaka.

Miezi 4 kwake ni mingi. Nenda.

Pesa: kabla hujaondoka rudi hospitali iliyokupa rufaa, uonane na afisa ustawi wa jamii. Beba barua ya serikali ya kijiji inayoeleza hali ya familia. Na JKCI wapo ustawi wa jamii, nao uwaone siku ya kwanza, usisubiri uletewe bili ndipo uanze kulia. Zipo pia kambi za upasuaji wa watoto ambazo madaktari kutoka nje huja kushirikiana na wa kwetu, ila mtu anaingia kwenye orodha akiwa ameshaonwa na kupimwa pale. Ukiwa Tandahimba hakuna atakayekuweka kwenye orodha.

Na baba akitoka kupuliza, avue nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Salfa inawasha mapafu.

BabaNachingwea:

Mama, mwanangu alifanyiwa pale akiwa na miaka 2, tundu kama la wa kwako. Nikueleze kidogo ili usishtuke.

Watakuomba ndugu wa kuchangia damu, kama una jamaa Dar wajulishe mapema. Siku ya upasuaji utamkabidhi mlangoni, na kile kipande cha kukaa nje ndicho kigumu. Mimi nilikaa na kiatu chake kimoja mkononi saa zote zile, sijui hata kilifikaje. Ukiruhusiwa kumwona ICU utamkuta na mirija mdomoni, shingoni na kifuani, mashine zinalia. Usikimbie. Mguse mguu, mwite jina lake. Wa kwangu alikaa huko siku 3, akashushwa wodini, na siku alipoomba uji kwa mara ya pili nilimpigia mama yake simu nikashindwa kuongea.

Leo anasoma darasa la pili. Kovu lipo katikati ya kifua, anawaonyesha wenzake.

Safari: ni kilomita kama 560 kutoka Mtwara, kaa viti vya mbele. Ukishuka Mbagala Rangi Tatu usigombanie daladala na mtoto wa hivyo, chukua bajaji mpaka Muhimbili, JKCI ipo humohumo ndani.

MpwaMasasi:

Sisi tulisubiri. Mwaka wa kwanza korosho bei mbaya, mwaka wa pili msiba, mwaka wa tatu mtoto wetu akaonekana mzima tukasahau. Alipofika miaka 9 midomo ikaanza kuwa ya bluu. Tulipompeleka walisema mapafu yameshaharibika, upasuaji hauwezekani tena. Dada, nenda.

MamaTandahimba:

Nimewasoma wote nalia. Jana usiku nilimpigia mume wangu nikamsomea, la kubemenda nikalisoma mara mbili. Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Akasema, "Nisamehe mama fulani." Leo asubuhi amekuja na pikipiki, ameuza mbuzi wawili, na amekwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji kuchukua barua. Mama mkwe bado ananung'unika ila ametoa elfu ishirini kwenye pindo la kanga.

Kesho tunapita ustawi wa jamii, keshokutwa alfajiri tunapanda basi, mimi na baba yake. Ninachoogopa ni njiani. Hiyo frusemide inamkojoza sana, naweza kuiruka siku ya safari?

MuuguziLindi:

Usiiruke, wala captopril. Mpe kwa saa zake, beba nepi au vitambaa vya kutosha, na dawa ziwe kwenye mkoba wako siyo kwenye buti. Mnyonyeshe kidogokidogo, mara nyingi. Akilala hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Zikifika 40 au kuzidi akiwa ametulia, au kifua kikibonyea ndani, au midomo ikibadilika rangi, mwambie dereva awashushe hospitali iliyo karibu, iwe Lindi au Kilwa, muoneshe ile barua. Eko na kadi ya kliniki weka kwenye mfuko wa nailoni.

Mkifika tuandikie hapa.