Kubeza tamthilia mbashara: skrini mbili kama Kalyeserye, jukwaa moja, au kurekodi kabla?

Mwana_Jukwaa
Kichekesho cha kubeza tamthilia, dakika 15, kila Jumamosi, watazamaji wapo ukumbini. Njia ni tatu: wapenzi wawili sehemu tofauti wakionana kwenye skrini tu, kama Kalyeserye, kichekesho cha ndani ya Eat Bulaga!, kipindi cha burudani cha runinga kule Ufilipino, wote jukwaa moja, au kurekodi mapema na kurusha. Ipi inadumu bila kuchosha?

BibiNidora
Skrini mbili, bila kusita. Ila tuelewane: Kalyeserye haikuzaliwa tamthilia. Ilichipuka ndani ya Juan for All, All for Juan, sehemu ya Eat Bulaga! ambapo wachekeshaji Jose Manalo, Wally Bayola na Paolo Ballesteros walikuwa wakienda mitaani kugawa zawadi. Maine Mendoza aliwekwa awe Yaya Dub, yaya wa Lola Nidora, yaani Wally mwenyewe na gauni lake. (Yaya kwa Kitagalogi ni yaya yuleyule wetu. Lola ni bibi, kalye ni mtaa.) Yaya hasemi neno, anafuatisha midomo sauti za kurekodiwa, uso umekunjwa. Tarehe 16 Julai 2015 akagundua mwigizaji Alden Richards anamtazama kutoka studio. Uso ukamsaliti, akatabasamu. Hadithi nzima ilijengwa juu ya tabasamu lile, na tabasamu la namna ile huwezi kulirekodi kabla. Ukirekodi, mhariri atalikata akidhani ni kosa.

FundiMitambo
Skrini mbili ni tamu lakini ina mitego yake.

Kwanza sauti. Ukiichezea ukumbini huku mchezaji yuko mtaani, anaisikia kwa kuchelewa, na picha yake inarudi kwa kuchelewa tena. Robo sekunde tu, midomo imeshalewa. Chezea sauti palepale alipo mchezaji, iingie kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya huko, isafiri pamoja na picha.

Pili, sauti unayomrudishia mchezaji isiwe na sauti yake mwenyewe, la sivyo atajisikia kama mwangwi na kupoteza mstari.

Tatu macho. Monita ikikaa pembeni, wapenzi wanaonekana kama wanatazama ukuta. Ibane chini kabisa ya lenzi, mchezaji asogee mita mbili nyuma.

Vipande vya sauti viwe vya sekunde 5 hadi 10, vyenye namba, na mtu mmoja tu wa kubonyeza. Wakiwa wawili, siku moja kilio kitaingia penye busu.

Kibisa
Mnasahau gharama. Jukwaa moja linataka kamera mbili na vipaza sauti vinne, basi. Na kicheko cha ukumbi kinamfikia mchezaji papo hapo, anajua asubiri au asonge. Wa mtaani anakisia.

BibiNidora
Kweli, lakini jukwaa moja linaua kiu. Wakishasimama bega kwa bega kipindi cha kwanza, cha pili utaonyesha nini? Wenzetu kila wapenzi walipokaribia walitafutiwa kizuizi. Septemba 2015 walifikishwa jukwaa moja, ukashushwa ubao katikati yao! Lola naye na wimbo wake wa *sa tamang panahon*, wakati ukifika. Wakati wenyewe ukafika 24 Oktoba 2015, Philippine Arena, ukumbi wa viti 55,000 hivi. Twitter ilipokea jumbe zaidi ya milioni 40 kwa siku moja, na mapato ya tiketi yakaenda kwenye maktaba za shule.

Kibisa
Na baada ya hapo? Ilikokotwa hadi Desemba 2016. Kizuizi kikiondoka, ni kamba ya kuvuta tu.

FundiMitambo
Hapo sina ubishi. Basi changanya: wiki sita au nane skrini mbili, mkutano mmoja jukwaani, mfunge. Muswada uwe na matukio na vikwazo tu. Maneno waachie wachekeshaji. Kurekodi kubaki kwa muhtasari wa "yaliyopita", dakika moja, usizidi.

Mwana_Jukwaa
Na zile jumbe za kuandika ambazo wapenzi wa Kalyeserye walikuwa wakionyeshana kwenye skrini?

FundiMitambo
Karatasi ya A4 haisomeki kwenye nusu skrini. Maneno manne mwisho, kalamu nene nyeusi, herufi za urefu wa kiganja, na karatasi isiyong'aa ili taa isiifute. Tumia manila, jina lenyewe linajieleza.